Shughuli za nje ya masomo: zinamjenga binti yangu au zinampotezea muda?

"Habari mtaalamu. Binti yangu ana miaka 15. Tangu mwaka jana yumo kwenye klabu ya midahalo, kwaya na timu ya mpira wa wavu. Ana mazoezi kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Amechangamka sana, zamani mgeni akija alikuwa anajifungia chumbani. Lakini muhula huu alama za hesabu zimeshuka, analala saa sita usiku, na kumwamsha saa kumi na moja na nusu ni vita. Baba yake anasema mshika mawili moja humponyoka, anataka aache vyote mpaka mitihani ipite. Juzi mwenyewe kaniambia amechoka na kwaya, na mimi naogopa nikimruhusu atazoea kukata tamaa. Je, shughuli hizi zinamjenga kweli? Na ni sawa kumnyima mazoezi kama adhabu akifanya vibaya darasani?"

Mama, hapa kuna maswali manne yaliyofungwa pamoja: kama shughuli zinamjenga, kama zimezidi, kama kuacha kwaya ni udhaifu, na kama mazoezi yanafaa kuwa fimbo. Nianze na lile la kwanza, kwa sababu mengine yote yanalitegemea.

Mabadiliko uliyoyaona ni ya kweli, na una haki ya kuyafurahia. Ila usiipe midahalo sifa zote. Watoto wengine waliokuwa wakijificha hujitokeza wenyewe kadiri wanavyokua, na mara nyingi anayekubali kujiunga na klabu ya kuongea mbele ya watu tayari ana kitu ndani kinachotafuta mlango. Hili ndilo linalowasumbua watafiti miaka yote: vijana wanaojiunga na shughuli huwa wanatofautiana na wasiojiunga hata kabla ya siku ya kwanza ya mazoezi. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba mchezo fulani "unafundisha nidhamu" kama vile dawa inavyoshusha homa, msikilize kwa tahadhari.

Jacquelynne Eccles na Bonnie Barber walionyesha jambo hili vizuri mwaka 1999 katika utafiti wao wa vijana wa Michigan, Marekani. Waliokuwa kwenye timu za michezo waliipenda shule zaidi kuliko wenzao, na hao hao ndio waliokunywa pombe zaidi. Kijana akiingia kwenye timu anaingia pia kwenye kundi, na kundi lina mambo yake: linacheka nini, linamwona nani shujaa, linafanya nini baada ya mechi. Mwaka uliofuata Joseph Mahoney na Håkan Stattin, wakichunguza vijana wa Sweden, waliona kwamba waliokuwa kwenye shughuli zenye ratiba, kiongozi na lengo walikuwa na utovu mdogo wa nidhamu, ilhali waliokuwa wakienda kwenye vituo vya vijana vya kukaa tu bila mpangilio walikuwa na mwingi zaidi. Kumtoa kijana nyumbani na kumweka mahali penye vijana wenzake hakutoshi. Cha kutazama ni kile kinachotendeka mle ndani, saa kwa saa.

Na kinachotendeka, pale panapoendeshwa vizuri, ni kitu ambacho kijana hakipati kwa urahisi kwingineko. Reed Larson wa Chuo Kikuu cha Illinois alikieleza mwaka 2000, akitegemea tafiti ambazo vijana walibeba peja, yaani kifaa kidogo cha mfukoni cha kuitia mtu kwa mlio, iliyolia bila kutarajiwa mchana na jioni; kila ikilia waliandika wanafanya nini na wanajisikiaje. Darasani walikuwa wametuliza akili lakini hawana hamu ya kuwa pale. Wakiwa na marafiki hamu ilikuwepo, akili haikuwa imetulia kwenye jambo lolote. Kwenye shughuli zilizopangwa ambazo walizichagua wenyewe, hamu na umakini vilikutana. Larson alisema mkutano huo ndio unaokuza uwezo wa kijana kuanzisha jambo kwa hiari yake na kulibeba mpaka mwisho, bila mtu kumsukuma.

Tuliangalie kwa karibu, tukitumia midahalo ya binti yako. Tuseme wamebakiza siku sita kabla ya shindano. Wako watatu, na kura imewapa upande ambao yeye mwenyewe haukubali. Siku ya kwanza wanagawana kazi, na mmoja anaahidi kutafuta takwimu. Siku ya tatu yule hajaleta kitu. Hapo binti wa miaka 15 anakabiliwa na tatizo la utu uzima kabisa: amseme, amfanyie, au amshtaki kwa mwalimu? Siku ya nne anasoma hotuba yake huku mwenzake ameshika saa. Amepewa dakika tano, anamaliza ya saba. Lazima akate, na kila anachokigusa anakiona cha maana. Siku ya shindano wapinzani wanaleta hoja ambayo hakuna aliyeifikiria, na timu yake inashindwa. Kocha mzuri, baada ya kuwaacha wanywe maji na kununa kidogo, anauliza swali moja, "Tulikwama wapi?" Kisha ananyamaza. Anaufunga mdomo kwa makusudi, hata kimya kikichukua dakika nzima, mpaka mmoja aseme, "Hatukujiuliza wao watasema nini." Safari inayofuata, kabla ya kuandika hoja zao, wanaandika kwanza hoja tatu za wapinzani. Hakuna aliyewahubiria kuhusu kupanga mambo mapema. Wameifikia wenyewe kwa kuumia, na iliyofikiwa hivyo hukaa.

Sasa mweke kocha wa pili mahali pale pale. Huyu anawaandikia hotuba, wanakariri, wanashinda, kikombe kinapelekwa ofisini. Mzazi anayehesabu vikombe atamwona huyu kuwa bora. Mimi ningemchagua yule wa kwanza bila kusita, kwa sababu kwake kalamu ilikuwa mikononi mwa watoto.

Umri wenyewe nao unachangia. Katika ujana, sehemu za ubongo zinazochochewa na zawadi, sifa na msisimko huwa na nguvu sana, ilhali zile za kupanga, kupima na kujizuia huendelea kukomaa mpaka miaka ya ishirini na kitu. Tena macho ya wenzao yana uzito wa pekee: Margo Gardner na Laurence Steinberg, mwaka 2005, waliwapa watu mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta, na vijana walijihatarisha zaidi wenzao walipokuwa wakitazama, wakati watu wazima hawakubadilika sana. Nguvu hiyo hiyo ya kutazamwa na rika ndiyo inayomfanya binti yako arudie hotuba mara tisa bila kuambiwa. Haiwezi kuzimwa, na haina haja ya kuzimwa ikipata njia nzuri ya kupita.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwako ni mdogo: nenda ukakae nyuma kabisa kwenye zoezi moja la kila shughuli, saa nzima, simu ikiwa mfukoni. Hesabu nani anaongea zaidi, kiongozi au vijana. Tazama kinachofuata baada ya kosa. Mpira ukigonga wavu, kocha anamwambia "inua kiwiko, rudia," au anamzungusha uwanja mara kumi mbele ya wenzake? Nani anaongoza kupasha mwili moto, nani anapanga zamu ya kubeba mipira? Wale wasio hodari wanapewa kazi gani, au wamekaa benchi wakichezea nyasi? Viongozi wa aina hii hawazaliwi tu, hufundishika. Ronald Smith na Frank Smoll wa Chuo Kikuu cha Washington waliwapa makocha wa besiboli ya watoto mafunzo ya saa mbili na nusu tu: sifia juhudi, mtie moyo aliyekosea kisha mwelekeze, usiadhibu makosa ya kiufundi. Katika utafiti wa mwaka 1992, msimu uliofuata asilimia 26 ya watoto waliokuwa chini ya makocha wasiofunzwa hawakurudi, dhidi ya asilimia 5 tu kwa waliofunzwa. Na si kwamba timu za waliofunzwa zilishinda mechi nyingi zaidi. Watoto walipenda tu kurudi.

Sasa hofu ya baba. Ana hoja, na usimpinge kwa maneno matupu; mpe hesabu. Juma lina saa 168. Usingizi wa kijana wa miaka 13 hadi 18 ni saa 8 hadi 10 kwa siku. Tuchukue 8 na nusu, ni kama saa 60 kwa juma. Shule pamoja na safari, tuseme 45. Kula, kuoga na kazi za nyumbani saa 3 kwa siku, ni 21. Kazi za shule za jioni saa 2 kwa siku sita, ni 12. Zinabaki saa 30. Mazoezi ya saa mbili kwa siku sita, ukiweka na safari, yanafika 18. Kwa juma zima yanaingia. Kinachokwama ni mgawanyo: hana siku hata moja kati ya Jumatatu na Jumamosi ya kurudi nyumbani na kukaa tu, na saa zote zimerundikwa jioni.

Mwombe binti ajaze mwenyewe jedwali la juma moja, siku saba kwa nusu saa nusu saa, kama lilivyokuwa na si kama anavyotamani liwe. Halafu angalieni pamoja sehemu moja hasa. Kama mazoezi yanakwisha saa kumi na mbili jioni na kazi za shule zinakwisha saa nne usiku, nini kinajaza nafasi kati ya saa nne na saa sita? Mara nyingi ni simu, na mazoezi yanabebeshwa lawama isiyo yake. Pia ujue kwamba balehe husogeza saa ya mwili mbele. Usingizi wake unachelewa kuja kweli, si ujeuri. Lakini anayelala saa sita na kuamka saa kumi na moja na nusu amepata saa tano na nusu, na akili ya namna hiyo haifanyi hesabu.

Kuhusu hizo hesabu, fungua daftari lake kabla hujakata chochote. Kama njia ni sahihi ila alama ya kutoa imesahaulika na tarakimu zimebadilishana nafasi, huo ni uchovu, na usingizi utamsaidia. Kama maswali ya mada fulani yameachwa wazi kabisa, kuna msingi haukuingia. Hapo hata ukimwondoa kwenye klabu zote, muda utakaopatikana utakuwa wa kulitazama lile daftari asilolielewa. Anahitaji mtu wa kumrudisha kwenye mada ile.

Na kumwondoa kwenye vyote kuna gharama ambayo watu hawaihesabu. Mwaka 1997 Mahoney na Robert Cairns walichapisha utafiti uliowafuatilia wanafunzi wa Marekani kuanzia darasa la saba hadi la kumi na mbili. Walioshiriki shughuli za ziada waliacha shule kwa uchache zaidi, na tofauti ilikuwa kubwa hasa kwa wale waliokuwa hatarini tangu mwanzo. Kwa kijana anayeyumba kimasomo, wakati mwingine timu ndiyo kamba inayomfunga na shule. Hapa ule msemo wa mshika mawili unahitaji kuangaliwa upya, maana kuna mawili yanayoshikana yenyewe.

Kwa upande wa mchezo peke yake, madaktari wa michezo wana kanuni nyepesi: saa za mazoezi na mechi kwa juma zisizidi miaka ya mtoto, na kila juma liwe na angalau siku moja ya kupumzika kabisa. Kwa binti yako ni saa 15, na mpira wa wavu pekee haujafika huko. Mimi ningelenga shughuli mbili, siku tatu au nne za mazoezi, taa izimwe saa tatu na nusu na simu ilale nje ya chumba. Jaribuni hivyo kwa wiki nne, mkiandika alama za mazoezi ya hesabu kila juma. Mpelekee baba jedwali la kabla na la baada. Wiki nne zikiisha na hesabu hazijasogea ingawa analala vizuri, tatizo haliko kwenye ratiba. Mwone mwalimu wake wa somo.

Swali la adhabu nalijibu moja kwa moja: hapana. Kwanza unaiadhibu timu nzima, na yeye anajifunza kwamba ahadi kwa wenzake inaweza kuvunjwa na mtu mwingine. Pili, unageuza kitu alichokipenda kuwa sarafu ya kununulia alama. Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walifanya jaribio maarufu mwaka 1973 kwa watoto wadogo waliopenda kuchora. Walioahidiwa cheti ili wachore, wiki moja au mbili baadaye walipoachiwa huru walitumia kama nusu ya muda wa wenzao kwenye kuchora. Hilo lilihusu zawadi, nami nalichukua kama onyo kwa pande zote mbili: usimlipe kwa ushindi, usimnyang'anye kwa kushindwa. Kupunguza ratiba ni jambo jingine. Kunajadiliwa kabla, kunalenga usingizi na muda, na kuna tarehe ya kuisha. Adhabu huja kwa hasira na haina mwisho unaojulikana.

Tufike kwenye kwaya, ambayo nadhani ndiyo inayokunyima raha kuliko yote. Erik Erikson aliuita ujana wakati wa mtu kutafuta kujua yeye ni nani, na utafutaji huo una kujaribu na kuvua, kama mtu anayejaribu nguo. Kuacha kitu kimoja kati ya vitatu, baada ya kukishika tangu mwaka jana, bado si kukata tamaa. Kinachojenga au kubomoa ni namna anavyoacha. Muulize tangu lini anajisikia hivi: kama ni tangu mazoezi mabaya ya Alhamisi iliyopita, subirini wiki tatu kisha mwongee tena. Kama ni miezi, mwamini. Muulize pia ni kipi hasa kinamchosha, maana "nimechoka na kwaya" huweza kuwa na maana ya siku ya mazoezi, rafiki aliyegombana naye, sauti aliyopangiwa, au muziki wenyewe. Mawili ya mwanzo yanarekebishika bila kuacha. Akishaamua kweli, amalize onyesho ambalo tayari jina lake limo, kisha amwendee kiongozi wa kwaya mwenyewe, uso kwa uso, amweleze na amshukuru. Usimpigie wewe. Mazungumzo yale ya dakika tano yatamfundisha kuliko mwaka mwingine wa kuimba kwa kununa.

Kanuni ya kumaliza kwanza ina sharti lake. Kama anadhalilishwa, anaguswa isivyofaa, au anachezeshwa akiwa ameumia, anaondoka siku hiyo hiyo, onyesho liwepo lisiwepo.

Kuna dalili ambazo majibu ya kuandikwa hayazitoshi, na nakuomba uzitafutie mtu wa kumwona ana kwa ana. Akipoteza hamu ya vyote, si kwaya peke yake, akawa na huzuni au hasira karibu kila siku kwa wiki mbili, mpeleke kwa mshauri nasaha au daktari. Hedhi ikikatika miezi mitatu, au akianza kukwepa chakula ili awe mwepesi uwanjani, ni daktari, na mazoezi yasimame kwanza. Mwili unaotumia nguvu nyingi kuliko chakula unachopata hudhoofisha hata mifupa. Vivyo hivyo maumivu ya sehemu moja yanayorudi kila akiruka, hasa kwenye goti au mguu wa chini, yasipoisha kwa mapumziko ya wiki moja au mbili. Akianza kumkwepa mtu mzima fulani, au akiwa na zawadi na ujumbe wa siri kutoka kwa kiongozi, ongea naye kwa utulivu na mtoe kwanza kwenye nafasi ile, ndipo upeleke taarifa kwa uongozi na vyombo vya kulinda watoto. Usimwendee mhusika ukamwonya. Na akitamka kwamba anataka kujidhuru, hata kama anacheka, usimwache peke yake na mtafutie msaada saa ile ile.

Kwa sasa, kwa hayo uliyoniandikia, sioni dalili hizo. Naona mtoto aliyechoka mwenye ratiba iliyojaa. Anzeni na jedwali Jumapili hii, kalamu akiishika yeye.